Kipago Kilichokosekana

Scarwyke, Jumamosi, 24 Oktoba 1908

Mwanangu Dorcas,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na vidole vyako vyote kumi, maana najua visu vya kupasulia samaki havina adabu.

Mashua ya Nia Njema iliondoka hapa Jumanne asubuhi kuja huko kwenu Yarmouth, na wanaume watano ndani yake, Reuben wetu akiwa mmoja wao. Dhoruba ilianza Alhamisi kabla ya chakula cha mchana. Jana mchana ikatulia. Kama wamefika, niandikie neno hilo moja tu, wamefika, usipoteze wino kwa mengine.

Siogopi. Nakuandikia tu kwa kuwa leo karani wa posta anafunga mapema.

Reuben alivaa lile sweta la buluu la harusi yenu, lenye mapambo ya ngazi na punje. Sitaki ufikiri aliondoka na baridi. Mwezi wa Agosti nilimfumia upya ncha za mikono, zile za zamani zilikuwa zimeliwa na chumvi mpaka nyuzi zinaning'inia. Ndiyo raha ya kufuma mkono kuanzia begani kushuka chini: panapochakaa unafumua, unafuma tena, na mwili wa sweta haujui kitu. Alisimama mlangoni akala mkate wa asali nyeusi, akanipa ganda. Hajawahi kula ganda la mkate tangu utotoni.

Mama yako mkwe,
Tamar Theaker


Yarmouth, Jumanne, 27 Oktoba

Mama mpenzi,

Hawajafika. Nimeanza na hilo kama ulivyotaka.

Sasa nisikilize. Hapa gati limejaa mashua zilizokimbilia kila upande. Juzi imeingia moja ya Waskoti ambayo upepo uliisukuma mpaka pwani ya Uholanzi. Walikaa huko siku mbili wakila jibini na kucheka, wake zao hapa wamekwisha kuvaa nyeusi. Kwa hiyo usivae nyeusi. Reuben anapenda jibini.

Kila mashua inayofunga kamba naikimbilia na kisu mkononi, na vidole vyangu vimefungwa vitambaa kama maiti. Annis, mpasuaji mwenzangu, ananiambia, "Wewe Dorcas, punguza! Yule nahodha amekuona unakuja akadhani ni mke aliyemtoroka." Basi tukacheka, na pipa letu likapitwa na la wenzetu, na msimamizi akatutukana wote watatu, hata mwenzetu anayepanga samaki pipani, ambaye hakusema neno.

Kazi ikikosekana tunafuma. Nimechomeka sindano kiunoni sasa hivi. Mama, una sufu nyeupe iliyobaki, ile laini? Kidogo tu. Ni kwa ajili ya mtu.

Na kalamu yako ina nini? Mistari yako inapanda juu kama watu wanaokwenda kanisani, kisha inateremka kama wanatoka kilabuni.

Nitakwenda gatini tena kabla ya giza.

Mwanao,
Dorcas


Scarwyke, Jumamosi, 31 Oktoba

Mwanangu,

Kalamu ni mbovu. Nitanunua nyingine.

Sufu nyeupe ipo, nimeiweka kwenye kifurushi hiki. Sikuulizi ni kwa ajili ya nani.

Siku zimekuwa tisa tangu dhoruba. Keziah, ambaye mumewe na mwanawe wote wamo ndani ya Nia Njema, anapanda mwambani kila asubuhi na kiti chake cha jikoni kutazama bahari. Jana Zillah Unthank wa mlango wa pili alimpelekea chai. Keziah akamwambia, "Chai yako ni kama ufumaji wako, Zillah, mtu anaona ng'ambo ya pili." Zillah akamjibu, "Kunywa, mama, ikikulegea mdomoni nitakuja kuikaza." Nikafurahi kusikia wanagombana. Wakianza kusemeshana kwa upole ndipo nitakapoogopa.

Nataka nikuombe jambo. Baba yake Reuben, Elkanah wangu, alipotea miaka kumi na moja iliyopita na bahari haikurudisha hata kofia. Nilikuwa nimemfumia herufi za jina lake juu ya pindo, E.T., kubwa, kwa sababu wanawake wote walisema herufi ndizo zitakazomleta nyumbani kama lolote likitokea. Hazikumleta. Tangu siku hiyo sikumfumia mtu herufi, na Reuben nilimnyima. Sasa nalala nikiwaza kwamba labda nilikosea.

Hujui, Dorcas, kukosa kaburi kulivyo. Miaka kumi na moja, mtu akigonga mlango kwa vishindo bado nasimama. Jumapili wenzangu wanakwenda kung'oa magugu makaburini. Mimi nakwenda nao, nang'oa magugu ya watu.

Kwa hiyo niahidi. Kama bahari ya huko kusini itarudisha mtu, nawe ukasikia, nenda ukatazame sweta. Unaujua ufumaji wangu. Ulikaa jikoni kwangu majira mawili ya baridi ukijifunza, huwezi kuusahau. Kama ni wake, umpe jina. Kama si wake, tutaendelea kungoja.

Natumaini sitakuhitaji.

Mama yako,
Tamar


Yarmouth, Jumatano, 4 Novemba

Mama, mama,

Si yeye! Nayaandika haya kwanza ili moyo wako usisimame njiani. Si yeye.

Jumatatu asubuhi askari alibandika karatasi gatini: mvuvi ameletwa na maji pale Marlsea, maili kumi kaskazini, amevaa sweta la buluu lenye ngazi. Sikukuandikia. Niliweka kisu chini, nikamwambia msimamizi naumwa, naye akanikatalia ruhusa mpaka leo. Leo nimekwenda kwa gari la mchukuzi wa mapipa.

Mtu mwenyewe walimzika jana, hakuweza kungojewa. Kasisi ni mzee mpole mwenye kikohozi. Akasema hakukuwa na uso wa kuutambua, na nywele ni za kahawia, kama za nusu ya wanaume wa pwani hii. Sweta wamelifua na kulikausha karibu na jiko la kanisani. Akaliweka juu ya meza, akatoka nje ili niwe peke yangu.

Mama, nililitandaza. Ngazi, na punje katikati ya ngazi, na kile kipande cha pembe nne chini ya makwapa kama unavyokifanya. Nikasema, basi, ndiye. Lakini nikakukumbuka ukinipiga vidole kwa sindano: "Usitazame lililo kubwa, kila mtu anafuma lililo kubwa. Tazama mwisho." Ngazi na punje kila mwanamke wa Scarwyke anafuma, na wa vijiji viwili jirani pia. Nikatazama ncha za mikono.

Hazikuwa zako! Wewe unamaliza ncha kwa uzi mara mbili, umekaza mpaka maji hayapiti. Hizi zimemalizwa kwa uzi mmoja, zimelegea, na mkono wa kulia una mistari miwili zaidi ya wa kushoto. Wewe ungeanza upya kabla ya kumvisha mtu kitu kama hicho. Na tena ni sufu mpya, haina hata msimu mmoja. Na wewe uliniandikia kwamba ncha za Reuben ulizifuma mwenyewe Agosti. Nikasema kwa sauti, mle kanisani, "Si mtu wetu." Kasisi akaingia, akanikuta nacheka, akadhani nimerukwa na akili.

Akasema atalitunza sweta mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martin, Jumatano ijayo. Kama hakuna atakayekuja, ataandika "Hajulikani" kwenye kitabu na kwenye ubao wa kaburi, na sweta litakwenda kwa maskini. Namhurumia huyo mama, popote alipo. Lakini si wewe, na si mimi.

Sasa nakwambia jingine. Sufu nyeupe ni ya mjukuu wako wa kwanza. Nilijua tangu Julai, nikanyamaza, maana ungeniamuru nirudi nyumbani nami nilitaka kumaliza msimu. Atakuja Februari. Leo, kwenye gari la mapipa, alipiga teke. Nilimwambia, tulia, baba yako yuko Uholanzi anakula jibini.

Mwanao mwenye furaha,
Dorcas


Scarwyke, Ijumaa, 6 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika asubuhi. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Usinyanyue mapipa. Kula kitu cha moto kila siku, na miguu uifunge vizuri, mama anashikwa na baridi kuanzia miguuni.

Mengine nitaandika siku nyingine. Leo kichwa kinauma.

Tamar


Scarwyke, Jumapili, 8 Novemba

Dorcas, mwanangu,

Kaa chini kabla hujasoma. Kama uko kazini, ifunge, uisome ukiwa umekaa.

Barua niliyokupelekea juzi ilikuwa ya mwoga. Kichwa hakikuwa kinauma.

Macho yangu yamekuwa yakififia tangu majira ya kuchipua. Katikati kuna kitu kama pumzi kwenye kioo, pembeni naona. Ndiyo sababu mistari yangu inapanda na kushuka. Kalamu haina kosa. Sufu nyeupe naiona. Sufu ya buluu, jioni, ni giza ndani ya giza. Mwili wa sweta naweza kuufuma kwa vidole, vidole vinajua. Lakini kuokota vitanzi vya ncha ya mkono, pale ulipofumua, kila kimoja bila kukiangusha, hapo siwezi tena. Nilijaribu Agosti siku tatu. Vilikuwa vinanikimbia kama utitiri.

Nilimwita Zillah.

Unajua nilivyomcheka Zillah miaka yote. Unajua niliwaambia nyinyi wasichana, "Ukifuma hivyo, mume wako atavua samaki kwa sweta." Basi huyo huyo nilimfungia pazia la jikoni mchana kweupe, akafuma ncha zote mbili, mimi nimekaa nahesabu kwa sauti ili akifuma nami nijione nafuma. Wa kulia alizidisha mistari miwili kwa sababu tulianza kusimulia habari za mazishi ya mama yake. Alipomaliza akaniambia, "Tamar, ukimwambia mtu ni mimi niliyefuma, nitakana. Nami nina jina langu la kulinda." Tukacheka. Reuben alilivaa. Alivuta ncha moja, akanibusu kichwani. Nadhani alijua.

Kisha nikakuandikia wewe kwamba nilifuma mimi. Hukuwa umeniuliza. Nilijisifu tu.

Ijumaa niliisoma barua yako dirishani, neno moja moja, kwa pembe ya jicho. Nilipofika kwenye ncha nilimwita Zillah. Akaniuliza, "Amesema uzi mmoja?"

"Mmoja."

"Zimelegea?"

"Zimelegea."

"Na wa kulia..."

"Mistari miwili."

Akaketi juu ya sanduku la makaa, na aproni yake nyeupe, hakujali. Kisha akasema, "Mwandikie." Nikamwambia, "Ana mtoto tumboni." Akasema, "Ndiyo, na mtoto huyo utamtuma mwambani na kiti cha jikoni miaka kumi na moja?"

Bado sikukuandikia. Siku mbili. Nilijiambia kwamba wako wanawake wengine wanaofuma vibaya duniani. Nilijiambia kwamba nikinyamaza, wewe utakuwa na mume mpaka Februari, na Keziah atakuwa na mume na mwana. Maana akiwa ni Reuben, mashua imezama, na wote watano. Ningeweza kupeleka telegramu, lakini karani wa posta ni kaka yake Keziah, na habari ingefika mwambani kabla haijafika kwako, nami mwenyewe sina hakika.

Kwa hiyo kuna njia ya kupata hakika, na hakuna mtu aijuaye ila mimi. Hata Zillah sikumwambia mpaka leo.

Rudi Marlsea. Litandaze sweta, kifua kikikutazama. Tafuta kwapa la kushoto, lile la aliyevaa. Kutoka hapo kuja kifuani, hesabu ngazi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ngazi ya tatu hesabu vipago, vile vijiti vya kukanyagia, kutoka chini kwenda juu. Baada ya kipago cha tisa patakuwa na nafasi tupu, kipago kimoja hakipo, kisha vinaendelea. Usipoona, pitisha kidole.

Ilikuwa Januari, theluji imeziba nusu ya dirisha. Nilikuwa nimefuma vipago tisa. Reuben akaingia bila kupangusa viatu, akasimama katikati ya jiko, maji yanamtiririka.

"Mama, amekubali."

"Nani kakubali?"

"Mama wee! Unadhani nani, mke wa kasisi?"

Nikacheka, mikono ikaendelea yenyewe. Nilikuja kuliona kosa siku ya pili, mistari thelathini juu. Maisha yangu yote nimefumua makosa, Dorcas, yangu na ya wasichana wote wa kijiji hiki. Lile nililitazama nikaliacha. Lilikuwa lako.

Kama ngazi ya tatu ni kamili, nimekutisha bure. Unitukane, nami nitafurahi kutukanwa. Lakini kasisi anaandika Jumatano. Nenda kabla hajaandika.

Mama yako,
Tamar


Marlsea, Jumatano, 11 Novemba

Mama,

Kipago cha kumi hakipo.

Nilihesabu kwa macho, nikahesabu kwa kidole, nikamwita mke wa kasisi ahesabu, ambaye hajui kufuma. Tisa, akasema, kisha pengo.

Naandika kwenye meza yao. Kasisi ameandika jina kwenye kitabu: Reuben Theaker, wa Scarwyke, miaka ishirini na minne. Aliniuliza una hakika gani, binti, juma lililopita ulisema si mtu wako. Nikamwambia, "Ngazi ina kipago pungufu, Baba." Alichovya kalamu. Kisha akaandika. Ubao utakuwa tayari Ijumaa, nao ni wa mwaloni. Kaburi liko upande wa bara wa kanisa, upepo haulifikii. Nimeng'oa magugu, ingawa yalikuwa machache, udongo ni mpya.

Nimekukasirikia, mama. Sitaficha, tumeficha ya kutosha. Si kwa ajili ya macho, wala ya Zillah. Ni kwa siku zile mbili. Jumamosi iliyopita niliimba nikifanya kazi. Annis akasema, "Umepona, dada!" Niliimba, na wewe ulikuwa unajua. Na kabla ya hapo nilisimama mbele ya sweta la mume wangu nikacheka. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Lakini kama ungenyamaza ningecheka mpaka Februari, kisha ningebeba kiti changu.

Asubuhi hii nimepeleka telegramu kwa kasisi wa huko mwenyewe, ili akae na Keziah. Nenda na wewe. Nenda na Zillah.

Kasisi amenipa sweta. Lina harufu ya sabuni ya kanisa, si yake. Nilitaka kufumua zile ncha. Nilishika mkasi. Kisha nikakumbuka ulivyosema, alivuta ncha moja akakubusu. Nimeziacha. Mwambie Zillah zilishika. Siku kumi na moja za bahari, na hakuna kitanzi kilichoachia.

Ninakuja nyumbani Jumamosi kwa treni ya mchana. Msimu umekwisha kwangu.

Dorcas


Scarwyke, Alhamisi, 12 Novemba

Mwanangu,

Hii itakufikia Ijumaa kama mchukuzi hatalewa.

Tulikwenda kwa Keziah jana, mimi na Zillah na kasisi. Alikuwa mwambani. Alituona watatu tunapanda, akainua kiti chake mwenyewe kabla hatujafika, akasema, "Nani kajulikana?" Nikamwambia, Reuben. Akanishika mkono. "Basi wewe unalo kaburi la kupalilia," akasema. "Na wengine wako jirani naye, huko baharini." Zillah alimbebea kiti. Hawakugombana njia nzima.

Kukasirika una haki. Njoo ukasirike hapa, jiko lina moto.

Nimeanza sweta dogo. Sufu nyeupe uliyobakiza lete, hii yangu haitoshi mikono. Zillah anaokota vitanzi, mimi nafuma, na hakuna pazia. Mpaka sasa mistari kumi na miwili. Anasema nimekosea mara mbili. Nilimwambia anionyeshe, akanishika kidole akakiweka hapo, moja, na hapo, mbili.

Sijafumua. Nimefuma juu ya pindo herufi moja, T. Nafasi ya ile nyingine nimeiacha, wewe ndiye utakayesema.

Tutakuwa kituoni, Zillah na mimi. Nitasikia treni kabla sijaiona, kwa hiyo uniite.

Mama yako,
Tamar